Agner Erlang, mtoto wa mwalimu aliyehesabu simu zinazokosa njia

Kwa wakaaji wa Goma, Bukavu, Bunia ao Kindu, jambo hili halihitaji maelezo marefu. Saa ya jioni unaita ndugu, rezo inakatala. Unaita tena, inakatala tena. Antene iko, uniti ziko, simu ina moto wa kutosha, lakini njia zote zimekamatwa na watu wengine. Watu wanasema rezo imejaa, mambo yanaishia hapo.

Kuko mtu mmoja ambaye, zaidi ya miaka 100 iliyopita, hakutaka mambo yaishie hapo. Alitaka kujua rezo imejaa kwa kiasi gani. Kati ya simu 100, ni ngapi zinakosa njia? Na kama sosiete inaongeza njia tano, zitabaki ngapi? Jina lake ni Agner Krarup Erlang. Alikuwa mtu wa Denmark, na hesabu alizoacha zinatumiwa mpaka leo na wanaojenga rezo za simu. Hata wanaoandika programu za ordinatere wanafuata njia yake wanapopima kama mashine itabeba mzigo wa watu elfu kwa mara moja.

Mtoto wa masomo ya kijiji

Erlang alizaliwa tarehe 1 Januari 1878 katika kijiji cha Lønborg, upande wa magharibi wa Denmark. Baba yake, Hans Nielsen Erlang, alikuwa mwalimu wa masomo ya kijiji na karani wa parokia. Mama yake, Magdalene Krarup, alitoka katika ukoo wa watu wa Kanisa. Katika ukoo huo alikuwamo pia Thomas Fincke, bingwa wa hesabu wa zamani sana. Agner alikuwa na kaka mmoja, Frederik, na wadada wawili wadogo, Marie na Ingeborg.

Vitabu nyumbani havikuwa vya kutosha kila mtu. Frederik akikamata kitabu mezani, Agner alikuwa anakaa upande wa pili, anasoma naye maneno yakiwa yamegeuka, kichwa chini miguu juu. Akazoea kabisa, mpaka ikakuwa mchezo wake.

Akiwa na miaka 14 tu, alienda Copenhagen kufanya mtihani wa kwanza wa kuelekea chuo kikuu. Umri wake ulikuwa mdogo kupita kanuni, kwa hiyo ilibidi aombewe ruhusa ya pekee. Alishinda vizuri sana. Hata hivyo hakubaki mjini. Alirudi kijijini, akafundisha miaka miwili katika masomo ya baba yake, huku akijifunza Kilatini na Kifaransa. Kisha ndugu mmoja wa mbali aliyekaa Hillerød akamupa kitanda na chakula bila kulipisha, ili aendelee na masomo. Mwaka 1896 akapita mtihani wa kuingia chuo kikuu cha Copenhagen. Wazazi hawakuwa na feza nyingi, alisoma kwa msaada wa burse. Mwaka 1901 akamaliza hesabu, pamoja na masomo ya nyota, fizikia na kemia.

Miaka saba iliyofuata alikuwa mwalimu, kama baba yake. Wengi walimujua kama mtu mpole, wa maneno machache. Pengine angekufa mwalimu, na leo hakuna mtu angesikia jina lake, kama hangekuwa na desturi moja: kuhuzuria mikutano ya shirika la watu wa hesabu wa Denmark.

Shida ya sosiete ya simu

Kwenye mikutano ile alikutana na Johan Jensen. Jensen alikuwa mhandisi mkubwa wa sosiete ya simu ya Copenhagen, na hesabu alizifanya jioni, kwa kuzipenda tu. Hata hivyo wanafunzi wa hesabu wa dunia nzima wanajua jina lake mpaka leo. Jensen akamujulisha Erlang kwa mkurugenzi wa sosiete, Fritz Johannsen. Mkurugenzi huyu mwenyewe alikuwa ameanza kuchunguza namna wateja wanavyosubiri simu. Alihitaji mtu wa kuendelesha kazi hiyo kwa hesabu za kweli. Mwaka 1908 Erlang akaacha ualimu, akaingia sosiete, akapewa maabara.

Ili kuelewa shida yao, lazima kukumbuka simu ya wakati ule. Hapakuwa na kubonyeza namba. Mteja aliinua simu, na katika santrali mwanamke mwenye kazi hiyo akamuuliza anatafuta nani, kisha akaunganisha waya mbili kwa mkono. Kama wanawake wote wana kazi, mteja anangoja. Kama waya zote kati ya santrali moja na nyingine zimekamatwa, mteja anakosa kabisa.

Sosiete ikiweka waya nyingi sana na wafanyakazi wengi sana, inapoteza feza, na mwishoni ni mteja anayelipa. Ikiweka kidogo, wateja wanakasirika. Kati ya hizo mbili, ni ngapi zinazofaa? Kabla ya Erlang, kazi kubwa ilikuwa kukisia, kujaribu, na kungoja malalamiko.

Hesabu ya robine

Maandishi yake ya kwanza makubwa yalitoka mwaka 1909. Ndani yake alionyesha kwamba simu zinazoingia katika santrali zinafuata kanuni moja ya bahati ambayo mtu wa hesabu wa Ufaransa, Poisson, alikuwa ameiandika mbele sana.

Mfano wa robine ya mtaa unasaidia. Watu wanakuja kuteka maji bila kupatana. Tuseme wanakuja 20 kwa saa. Hiyo haimaanishi kila dakika tatu anafika mtu mmoja. Kuko wakati watano wanafika pamoja na bidoni zao, na kuko dakika kumi bila mtu. Hakuna aliyepanga, ni bahati tu. Lakini bahati hiyo ina kanuni: mtu anaweza kuhesabu ni mara ngapi watafika watano pamoja, ni mara ngapi hatafika mtu. Erlang alionyesha kwamba simu nazo ni vile. Wateja hawajuani, kila mmoja anaita kwa saa yake, na kwa sababu hiyo hiyo umati wao unaweza kuhesabiwa.

Mwaka 1917 akatoa maandishi ya pili, yale yaliyomuletea sifa. Wakati ule santrali zinazojiendesha zenyewe zilikuwa zinaingia, na kila mtu alitaka kujua mashine itahitaji njia ngapi. Erlang alitoa kanuni mbili. Ya kwanza inahesabu simu zinazopotea pale ambapo mteja anayekuta njia zimejaa anafukuzwa. Ya pili inahesabu muda wa kungoja pale ambapo mteja anawekwa kwenye mstari mpaka njia ipatikane.

Namba zenyewe zinaonyesha uzito wa kazi hiyo. Tuseme katika saa yenye watu wengi zinaingia simu 200, na kila moja inachukua dakika tatu. Jumla ni dakika 600 za maongezi, ni kusema masaa 10 ya maongezi ndani ya saa moja. Mtu wa haraka atasema njia 10 zinatosha, kwa kuwa 10 kwa 10 ni sawasawa. Kanuni ya Erlang inajibu hapana. Kwa njia 10, simu karibu 21 kati ya 100 zitapotea. Kwa njia 15, zitapotea karibu nne kati ya 100. Ili ipotee chini ya moja kati ya 100, zinahitajika njia 18. Zile nane za kuongeza mara nyingi zitakaa bure. Zipo kwa ajili ya zile dakika ambazo bahati inaleta watu pamoja.

Sasa wacha mji ukue, simu zitoke 200 zifike 300, njia zibaki 18. Mzigo umeongezeka nusu tu. Lakini simu zinazopotea zinatoka chini ya moja kati ya 100, zinafika karibu tisa. Mzigo unapanda pole pole, shida inapanda mbio. Ndiyo maana rezo inaweza kutembea vizuri mwaka mzima, kisha katika muda wa miezi michache kila mtu akaanza kulalamika, wakati sosiete haijagusa kitu. Haikuharibika. Ilipita tu mpaka wake.

Kuko pia somo juu ya kuweka pamoja. Vijiji viwili vyenye simu 200 kila kimoja kwa saa, kama kila kimoja kina njia zake peke yake, vinahitaji njia 36 kwa jumla. Vikitumia njia moja kwa pamoja, 30 zinatosha kwa kazi ile ile. Wakati kimoja kimejaa, kingine mara nyingi kina nafasi.

Mtu wa ngazi na mashimo

Wakati wote huo Erlang hakuwa mtu wa kukaa biro tu. Mwanzoni maabara yake haikuwa na wasaidizi, na sosiete ilikuwa na shida ya umeme uliopotea ardhini na kuharibu kebo za simu. Erlang alienda kupima mwenyewe. Watu wa Copenhagen walizoea kumuona akitembea barabarani, nyuma yake mfanyakazi amebeba ngazi, kisha anashuka ndani ya shimo la kebo na vyombo vyake. Kutokana na kazi hiyo alitengeneza chombo kipya cha kupima umeme wa simu. Alitengeneza pia kitabu cha logarithimu ambacho masomo ya Denmark yalitumia.

Hakuoa. Nyumba yake ilijaa vitabu vya hesabu, nyota na fizikia. Marafiki zake walimupa jina la utani lenye maana ya mtu wa siri, kwa vile hakupenda kujionyesha. Lakini maskini wa Copenhagen walimujua vizuri. Walikuwa wanamufuata mpaka maabara, na yeye anawasaidia bila kelele.

Uandishi wake ulikuwa mfupi sana. Pengine aliweka jibu bila kuonyesha njia yote aliyopita, na wasomaji walibaki kujitafutia. Tena aliandika kwa Kidenmark, luga ya watu wachache. Hata hivyo Posta ya Uingereza, iliyosimamia simu za nchi ile, ilichukua kanuni yake kwa kupanga santrali zake. Huko Marekani, mtafiti mmoja wa maabara ya Bell alijifunza Kidenmark ili aweze kusoma kazi za Erlang zenyewe.

Alifanya kazi katika sosiete karibu miaka 20 bila kukosa siku kwa ugonjwa. Mwezi wa kwanza wa mwaka 1929 aliingia hospitali kupasuliwa tumbo. Tarehe 3 Februari 1929 akafariki. Alikuwa na miaka 51.

Jina linalobaki

Mwaka 1946, kamati ya kimataifa ya simu iliamua kwamba kipimo cha mzigo wa simu kitaitwa erlang. Njia moja ikikamatwa saa nzima, hiyo ni erlang moja. Simu 200 za dakika tatu ndani ya saa ni erlang 10. Kama vile watu wanavyopima mchanga kwa kubiki, wahandisi wa rezo wanapima maongezi kwa jina la mtoto wa mwalimu wa Lønborg.

Mwaka 1986 jina likapata nyumba ya pili. Katika maabara ya sosiete ya Ericsson, nchini Uswidi, Joe Armstrong, Robert Virding na Mike Williams walianza kutengeneza luga ya kuandikia programu za santrali. Wakaiita Erlang. Nguvu ya luga hiyo ni kuendesha kazi ndogo ndogo nyingi kwa wakati mmoja, kila moja peke yake. Kazi moja ikianguka, nyingine zinaendelea, kama vile simu ya jirani ikikatika yako inabaki. Mwaka 1998 Ericsson iliifungulia watu wote waitumie bure. WhatsApp, ambayo wakaaji wa Kivu na Ituri wanatumia kila siku kutumiana sauti na picha, ilijengwa juu ya luga hiyo. Mwaka 2012 wenye WhatsApp walitangaza kwamba mashine yao moja ilishika watu zaidi ya milioni mbili walioungana kwa mara moja.

Namba kama hiyo haikisiwi, inapimwa. Na kipimo chake kinafanana na kazi ya Erlang, isipokuwa sasa wateja ni wa kutengenezwa. Kabla ya kufungulia watu programu, mwandishi wake anaandika programu nyingine ya kuijaribu. Hiyo inazalisha wateja wa uongo mia moja, elfu moja, elfu kumi, wote sambamba. Kila mmoja anatuma ombi lake, anasubiri jibu, anaandika muda aliongoja, na kama alikosa jibu anaandika vilevile. Mwishoni hesabu zote zinakusanywa katika ripoti moja: maombi mangapi kwa sekunde, mangapi yalikosa, muda wa katikati ni ngapi, na wa mwisho kabisa alingoja muda gani.

Hapo wengi wanadanganyika na namba moja, ile ya wastani. Watu 99 wakipata jibu kwa sekunde moja, na wa 100 akangoja sekunde 101, wastani ni sekunde mbili. Ripoti inaonekana nzuri, lakini kuko mtu alikaa karibu dakika mbili mbele ya simu inayozunguka tu. Ndiyo sababu wanaopima vizuri wanaonyesha pia wale wa nyuma kabisa. Tena wanaongeza mzigo hatua kwa hatua, mpaka waone pale shida inapoanza kupanda mbio, kama katika ule mfano wa njia 18. Mpaka huo ni afadhali kuujua kabla ya siku ya kazi.

Pale hesabu inaposimama

Kanuni ya Erlang ina sharti lake. Inadai kwamba watu wanaita bila kupatana, na kwamba aliyekosa njia anaenda zake. Siku ya hatari haiko vile. Mlima ukilipuka kama Nyiragongo ilivyofanya mwezi wa tano 2021, ao risasi zikisikika, kila familia inatafuta watu wake kwa dakika ile ile. Anayekosa hatoki, anabonyeza tena na tena, na kila kubonyeza ni mzigo mpya. Rezo iliyohesabiwa kwa saa ya jioni ya kawaida haiwezi kubeba dakika hizo. Wanaopanga rezo wanajua jambo hilo. Siku kama hizo ujumbe mfupi wa maandishi una bahati zaidi ya kupita, kwa kuwa haukamati njia kwa muda kama maongezi.

Hata gishe ya benki ao ya hospitali inafuata kanuni zilizotoka katika kazi hiyo. Gishe moja, watu wanakuja kwa bahati, na kuhudumia mtu mmoja kunachukua dakika tatu, mara zaidi, mara chini. Kama mfanyakazi ana kazi nusu ya muda wake, mtu atangoja kwa wastani dakika tatu. Kama ana kazi tisa ya kumi ya muda wake, atangoja dakika 27. Mkubwa wa kazi anayefurahi kuona mfanyakazi wake hapumziki hata kidogo, huyo ndiye anayetengeneza mstari mrefu ulio nje.

Kabla ya Erlang, mteja aliyekosa njia alikuwa na malalamiko tu, na sosiete ilikuwa na udhuru tu. Tangu yeye, kuko namba kati yao. Sosiete yoyote inayoweka antene inajua, ao inapaswa kujua, katika saa yenye watu wengi ni simu ngapi kati ya 100 zinakosa njia. Kamati ya mtaa, shirika la raia ao mbunge anaweza kuuliza namba hiyo, na kuuliza tena mwaka unaofuata kama imeshuka. Jibu la kwamba rezo imejaa si jibu kamili. Erlang alitumia karibu miaka 20 ya maisha yake kuonyesha kwamba lina sehemu ya pili, na sehemu hiyo inahesabika.